Theluji Ina Wenyewe

Philip Boit alikuwa mkimbiaji tu wa Eldoret hadi mwaka 1996, Nike ilipomgharimia kwenda Finland kujifunza skii. Kwenye Olimpiki ya Nagano, 1998, alimaliza wa mwisho, wa 92, katika mbio za kilomita 10. Bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri amkumbatie. Picha tamu kweli, ila bila fedha za kampuni ile asingefika hata mstari wa kuanzia.

Skii ni mfuko. Anayeteremka mlima hatoshwi na jozi moja ya skii: slalom, mbio za kupindapinda, ina fupi zake, mbio za kasi zina ndefu, na fundi wa kuzipaka nta hulipwa.

Sabrina Simader, Mkenya wa kwanza mwanamke kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, 2018, alilelewa Austria tangu utotoni. Naye kahangaika kutafuta wadhamini.