Shanta Mbovu na Sauti Iliyopotea Jomvu Kuu

Jambo ninalotaka kulizungumza leo huenda likaonekana dogo mno kwa ukurasa huu: namna ya kuchagua mkoba wa kubebea vyombo vya kazi mgongoni. Naomba msomaji anivumilie. Mkoba mbaya uliwahi kunipotezea kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Ni zaidi ya miaka kumi sasa. Nilikuwa katika utafiti wa shahada ya uzamifu, na kila Jumamosi nikitoka kisiwani Mombasa kwa matatu, nikapita Changamwe na Mikindani hadi Jomvu Kuu, makao ya kale ya Waswahili wa Kijomvu kando ya hori ya Tudor. Lahaja yao imetajwa na Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala katika Historia ya Kiswahili (1977), lakini kutajwa si kunaswa. Nilitaka kuinasa kutoka vinywani mwa wazee.

Mkoba wangu niliuchagua kwa sura. Ulikuwa mweusi wa kung'aa, wenye nembo kubwa usoni. Ndani ulikuwa shimo moja tu, mithili ya gunia. Humo nilitia kipakatalishi, rekoda, maikrofoni, betri za akiba, chupa ya maji, daftari, na chaja nzito kama tofali. Kila tuta la barabarani liliifanya chaja iangukie plagi ya maikrofoni. Sikuligundua hilo hata kidogo.

Mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, alinikaribisha barazani kwake. Nilimpa shikamoo, akaniita mwanangu, kahawa ikaja. Nilimwomba anitamkie maneno ambayo katika maandishi yetu hayana tofauti. Chukua neno kaa. Kwa wenyeji wa Mombasa, kaa la moto na kaa wa mikokoni hayatamkwi sawa: k ya mnyama hufuatwa na mpumuo, pumzi inayotoka kwa nguvu kidogo, na k ya kaa la moto haina mpumuo huo. Ndivyo ilivyo pia kwa paa la nyumba na paa wa mwituni. Hati ya Kilatini tunayofundishia haionyeshi tofauti hii, na mwanafunzi wa bara aweza kuhitimu chuo kikuu asiwahi kuisikia. Mzee aliyatamka maneno mara tatu tatu, kisha akanieleza jinsi kaa anavyotolewa shimoni mwake matopeni kwa kijiti chenye ndoana, akicheka kwa kukumbuka vidole vilivyobanwa.

Usiku, nilipofungua rekodi, nilisikia mchakarisho kama wa mchanga unaomwagwa juu ya bati. Plagi ilikuwa imepinda. Mpumuo wenyewe ni pumzi tu, na pumzi haisikiki palipo na kelele ya aina hiyo. Kaa wawili wakawa mmoja. Ningevaa hedifoni palepale barazani ningetambua mapema. Hilo ni kosa langu la pili. Nilijiambia nitarudi muhula ukiisha. Niliporudi, hitima ya mzee ilikuwa imekwisha kusomwa.

Tangu siku hiyo siuchagui mkoba kwa uso wake. Kamusi zetu zina neno shanta, lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya mkoba wa mgongoni, hasa ule wa askari. Vijana hupenda kusema begi, nami siwalaumu, ila shanta hunikumbusha mtu anayetembea mbali na ambaye lazima akifika akute kila kitu mahali pake, hata gizani.

Ukienda Kongowea kununua, basi, usiende mikono mitupu. Beba kipakatalishi chako, chaja, na vitabu vitatu vinene. Vitie ndani, uvae, utembee baina ya vibanda kwa dakika kumi. Muuzaji akinung'unika, mwache anung'unike. Mkoba mtupu hauna kasoro. Kasoro huanza na mzigo. Tazama kama mikanda ya mabegani ni mipana na ina sponji, na kama waweza kuikaza hadi mkoba ulale mgongoni badala ya kuning'inia matakoni. Kipakatalishi kiwe na mfuko wake, ulioshikamana na upande wa mgongo, kwani kitu kizito kikiwa mbali na uti wa mgongo hukuvuta nyuma nawe ukalazimika kuinama mbele. Mfuko huo usifike chini kabisa: ukiutua mkoba kwa kishindo, kisiwe kipakatalishi kinachotangulia sakafuni. Chaja ikae peke yake, mbali na chochote chenye plagi. Maji yakae nje.

Kuhusu uzito, madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mkoba wa mwanafunzi usizidi asilimia 10 hadi 20 ya uzito wa mwili wake. Mtoto wa kilo 40, kwa hiyo, asipite kilo 8, na afadhali abaki karibu na 4. Mwalimu mwenzangu, pima mikoba ya darasa lako siku moja uone. Na hao wanaoning'iniza mkoba bega moja kwa madaha, waambiwe kuwa mikanda imewekwa miwili kwa sababu.

Pwani yetu ina adui mwingine, nao ni unyevu. Zamani tulizungushia rekoda mfuko wa nailoni; mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwezi Agosti 2017. Mimi sasa hutumia kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lile la kuwekea chakula, na ndani yake vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyopatikana katika masanduku ya viatu. Kwenye matatu huvaa shanta kifuani, zipu zikinielekea.

Asiyekuwa na fedha za mkoba mpya asikate tamaa. Wangu wa leo ni wa mtumba. Fundi viatu mmoja aliushonea vyumba vitatu kwa turubai na sponji, akaimarisha mashina ya mikanda kwa uzi mnene, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kile cheusi cha kung'aa.

Mwaka uliofuata binti ya marehemu aliniuliza, "Mwalimu, ile sauti ya baba unayo bado?" Nilimweleza kwa haya kuwa imeharibika. Akataka kuisikiza hivyo hivyo. Alivaa hedifoni, akainama kimya katikati ya ule mchakarisho. Ilipofika habari ya vidole vilivyobanwa, waya uligusana kwa sekunde chache, na kicheko kikapita kikiwa safi. Aliniomba nikirudishe. Tulikirudia mara nne.