Kuhesabu Hewa Ukaa kwa Kijiti na Mizani

Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Ikiungua yote ndani ya injini ya bodaboda, hutoa hewa ukaa yenye uzito wa kilo 2.3. Kila ninapoandika namba hizi mbili ubaoni, mkono hunyooshwa kutoka viti vya nyuma: mwalimu, kitu kisichofika kilo kitazaaje kilo mbili na ushei? Ni swali zuri, na aliyelielewa jibu lake ameelewa nusu ya somo.

Jibu liko jikoni. Unga wa kilo moja ukisongwa, sufuria huipuliwa na ugali wa zaidi ya kilo mbili, na hakuna anayeshangaa, maana maji tumeyamimina wenyewe. Injini nayo inamimina, ila kinachomiminwa ni hewa. Katika ile lita ya petroli, karibu gramu 630 ni kaboni. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni hidrojeni, ambayo hutoka kama mvuke wa maji. Atomu ya kaboni inapoungua hushika atomu mbili za oksijeni. Uzito wa kaboni ni 12, wa oksijeni ni 16, kwa hiyo 12 inageuka kuwa 44. Gawanya 44 kwa 12, utapata 3.67. Zidisha gramu 630 kwa 3.67, ndiyo hiyo kilo 2.3. Takribani kilo 1.7 kati yake hazikuwa kwenye tangi kabisa; pikipiki imezichota hewani ikiwa njiani.

Hiyo 3.67 ikariri, kwa sababu itakuokoa pengine pia. Kuna wanaoandika tani za kaboni na wanaoandika tani za hewa ukaa, na msomaji akadhani ni kitu kimoja chenye majina mawili. Tani moja ya kaboni ni tani 3.67 za hewa ukaa. Ukiona taarifa imetaja "tani" bila kusema za nini, usiilinganishe na nyingine.

Jambo linalowapoteza wengi zaidi ni macho. Lori kuukuu likipanda mlima huku likifuka moshi mweusi, tunasema hilo ndilo linaloharibu hali ya hewa, na gari jipya linalopita kimya tunalisifu. Moshi mweusi ni masizi, yaani kaboni ambayo haikuungua vizuri. Unaumiza mapafu ya waliosimama kituoni na una mchango wake katika joto. Lakini hewa ukaa haina rangi wala harufu. Gari jipya lililokunywa lita 10 za petroli limetoa kama kilo 23, hata kama hukuona chochote nyuma yake. Katika karne ya 17, tabibu Jan Baptist van Helmont alichoma ratili 62 za mkaa wa mwaloni akabakiwa na ratili moja ya majivu. Akauliza zile 61 zimekwenda wapi, akajibu kwamba zimegeuka kitu kisichoshikika alichokiita gas, neno ambalo sisi leo tunalitamka gesi. Oksijeni ilikuwa bado haijagunduliwa. Kilichoondoka mbele ya macho yake kilikuwa na uzito unaozidi mbali ratili 61.

Kwa hiyo hatupimi kinachotoka. Tunapima kilichoingia, kisha tunazidisha. Vizidishi vya kila aina ya mafuta vimo katika mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi. Kwa makadirio ya kawaida, lita ya petroli ni kilo 2.3, lita ya dizeli kilo 2.7, lita ya mafuta ya taa kilo 2.5, na kilo moja ya gesi ya kupikia karibu kilo 3. Mtungi wa kilo 15 ukiisha, umetoa kilo 45. Vizidishi havina ugomvi. Kazi yote iko katika kujua umetumia kiasi gani, na hapo ndipo nimeona hesabu nyingi zikianguka.

Mwaka jana nilikwenda kufanya hesabu katika nyumba moja ya wageni upande wa mashariki wa Unguja. Umeme ukikatika huwasha jenereta ya dizeli. Nilimkuta mzee wa ghala na daftari lake safi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwezi huu tumenunua lita 800, risiti zote hizi hapa."

Lita 800 kwa kilo 2.68, ukitumia kizidishi kamili cha dizeli, ni kilo 2,144. Ningeweza kuandika hivyo nikaondoka. Nikamuuliza tarehe mosi tangi lilikuwa na kiasi gani. Hakunijibu kwa mdomo. Alichukua kijiti kirefu alichokitia alama kwa kisu, kila alama lita 50, akakipaka chaki, akakitumbukiza tangini hadi chini, akakitoa. Chaki ilikuwa imelowa mpaka chini kidogo ya alama ya nne: lita 190. Kisha akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari. Tarehe mosi aliandika 340. Basi 340, ongeza 800, toa 190: zimetumika lita 950. Kilo 2,144 zikawa 2,546. Risiti zinasema kilichonunuliwa. Kilichoungua anakijua mwenye kijiti.

Tukaenda kusoma mita ya jenereta: uniti 2,600 kwa mwezi. Gawanya kilo 2,546 kwa 2,600, na kila uniti ilikuwa imegharimu karibu kilo moja ya hewa ukaa, sawasawa na umeme wa kituo cha makaa ya mawe. Sababu ilikuwa usiku. Wageni wakishalala, jenereta kubwa iliendelea kunguruma kwa ajili ya friji mbili na taa za uani. Jenereta isiyo na mzigo hunywa mafuta kwa ajili ya kujizungusha yenyewe. Kwa maoni yangu hapo palikuwa na faida kubwa kuliko ripoti niliyotumwa kuiandika, kwa sababu mwenye nyumba aliona pesa zake zinavyokwenda kabla hata hatujataja tabianchi.

Umeme wa gridi ni rahisi kusoma na mgumu kuhukumu. Uniti unazonunua kwa LUKU Bara, au kwa TUKUZA Zanzibar, zimeandikwa kwenye risiti, lakini hazisemi zimezaliwa wapi. Uniti iliyotoka kwenye maji au mvuke wa ardhini ina hewa ukaa kidogo sana. Iliyotoka kwenye mtambo wa gesi asilia ni kama nusu kilo. Kwa hiyo kizidishi cha umeme ni cha nchi na cha mwaka wake. Nairobi inapowasha taa, sehemu kubwa ya umeme inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1981. Tanzania, Oktoba 2015, maji yalipungua mabwawani hata mitambo ya maji ikazimwa, na gesi ya Songo Songo na Mtwara ikabeba mzigo. Tangu 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115, imeanza kuingia kwenye gridi, na uniti ileile ya LUKU imekuwa nyepesi. Ukimkuta mtu anatumia kizidishi cha umeme cha miaka kumi iliyopita, mrudishe akatafute kipya.

Nimeuacha mkaa mwisho kwa kuwa ndio mgumu kuliko vyote, na ndio upo katika majiko mengi. Serikali ya Tanzania imejiwekea mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi. Hatutajua tumepunguza nini kama hatujui gunia moja la mkaa lina nini ndani yake.

Mama lishe mmoja wa Dar es Salaam alinikubalia nipime gunia lake. Lilikuwa lumbesa, limeshonewa kilemba cha majani juu, na lumbesa haina kilo maalumu. Kila gunia ni la peke yake. Tulilining'iniza kwenye mizani: kilo 54. Alipolimaliza tukapima chenga zilizobaki chini, kilo 3. Zimeungua kilo 51. Kizidishi cha mkaa ni kama 3.3, kwa hiyo jiko lake limetoa kilo 168.

Namba hiyo ni sahihi, na bado haitoshi. Mkaa haukuota ukiwa mkaa. Katika tanuri la udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni kavu. Tuchukue 7: gunia la kilo 54 ni kilo 378 za mti. Karibu nusu ya mti mkavu ni kaboni, yaani kilo 189, na kwa ile 3.67 yetu zinakuwa karibu kilo 690. Tena tanuri linalofuka bila hewa ya kutosha hutoa methani, ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto kama mara 28 ya kilo ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100.

Halafu iko hesabu ya tatu, na hii huwashangaza watu. Kwa kanuni za IPCC, hewa ukaa ya mkaa na kuni haijumlishwi kwenye daftari la nishati. Inahesabiwa kwenye daftari la misitu, mti unapokatwa, ili isihesabiwe mara mbili. Kisiki cha miombo kikiachwa huchipua, na chipukizi huinyonya tena ile hewa ukaa mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana katika baadhi ya vijiji vya Kilosa wamepanga kuvuna kwa vitalu na kuacha visiki. Kwa mkaa wa namna hiyo, sifuri ya hewa ukaa ina haki yake, ingawa methani ya tanuri inabaki.

Kwa hiyo gunia lilelile lingeweza kuandikwa sifuri, 168 au 690. Nilimuuliza mama mkaa wake unatoka wapi. "Unakuja na lori tu, mwanangu, mimi nauona ukishafika." Siku lori lilipokuja nilikuwepo, daftari mkononi, sifuri imeandikwa kwa penseli. Dereva alisema wanapakia kusini ya Rufiji.

"Na visiki mnaviacha?"

"Visiki gani, mwalimu? Vinang'olewa vyote. Pale wanapanda ufuta."

Niliifuta sifuri, nikaandika 690 kwa kalamu.