Mwandishi asome nini kabla ya kutia saini mkataba wa kitabu

MWANDISHI aliyehangaika na mswada kwa miaka kadhaa anapompata mchapishaji aliye tayari kuutoa, furaha humfanya atie saini karatasi yoyote atakayowekewa mezani. Hapo ndipo wengi hupoteza, kwa kuwa mkataba wa kitabu unaweza kumfunga mwandishi maisha yake yote, na warithi wake baada yake.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mwandishi katika uhai wake wote na kwa miaka 50 baada ya kifo. Kwa kipimo hicho, Shaaban Robert aliyefariki dunia mwaka 1962, miaka hiyo ilitimia mwaka 2012. Anayeuza hakimiliki bila masharti huuza kipindi chote hicho.

Swali la kwanza, basi, ni hili: je, mkataba unahamisha hakimiliki, au unatoa ruhusa ya kuchapisha tu? Kuhamisha ni sawa na kuuza shamba. Kutoa ruhusa ni sawa na kulikodisha: mpangaji hulima na kuvuna, lakini hati hubaki kwa mwenyewe. Mwandishi ashikilie njia ya pili, na ruhusa hiyo itaje lugha, nchi, muda na aina ya toleo. Haki za tafsiri, filamu, kitabu cha kielektroniki na kitabu cha kusikiliza zitajwe moja moja, na iandikwe wazi kuwa haki isiyotajwa inabaki kwa mwandishi.

Swali la pili ni mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo. Wengi huuliza ni asilimia ngapi, wakasahau kuuliza ni asilimia ya nini. Tuchukue mfano wa kitabu kinachouzwa dukani kwa Sh10,000. Asilimia 10 ya bei hiyo ni Sh1,000 kwa kila nakala. Lakini ikiwa mchapishaji humpunguzia mwenye duka asilimia 40, yeye hupokea Sh6,000, na asilimia 10 ya fedha hiyo ni Sh600. Kwa nakala 2,000, mwandishi wa kwanza hupata Sh2,000,000 na wa pili Sh1,200,000, ingawa mikataba yote miwili imeandika asilimia 10.

Katika mfano huohuo, tuseme mchapishaji anatoa Sh1,500,000 kwa mkupuo, na mwandishi asidai tena. Kwa nakala 2,000 fedha hiyo inazidi mrabaha wa Sh600. Lakini kitabu kikiteuliwa kusomwa shuleni na nakala 30,000 zikauzwa, mrabaha huo ungefika Sh18,000,000, na aliyepokea mkupuo hana cha kudai. Njia iliyo salama ni kuomba malipo ya awali yatakayokatwa katika mrabaha.

Tatu ni hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba utaje tarehe za kupeleka taarifa ya mauzo, mathalani kila baada ya miezi sita. Taarifa ionyeshe nakala zilizochapwa, zilizouzwa na zilizobaki ghalani, na mwandishi awe na haki ya kumtuma mhasibu akague vitabu vya hesabu.

Nne ni mlango wa kutokea. Mchapishaji apewe muda maalumu wa kukitoa kitabu; ukipita, haki zirejee kwa mwandishi. Zirejee pia kitabu kikiadimika sokoni. Kwa kuwa toleo la kielektroniki haliishi ghalani, kuadimika kupimwe kwa mauzo: nakala zikishuka chini ya idadi iliyokubaliwa kwa mwaka, ruhusa ikome.

Mwandishi ajihadhari pia na kifungu kinachomlazimisha kupeleka mswada wake ujao kwa mchapishaji huyohuyo kwa masharti yaleyale. Na anayedai mwandishi agharimie uchapaji wote anafanya kazi ya mpiga chapa. Hana sababu ya kudai hakimiliki.

Haki haimaanishi kumkomoa mchapishaji. Yeye hugharimia uhariri, uchapaji na usambazaji, na kitabu kisiponunuliwa hasara ni yake. Lakini rasimu anayoileta ni pendekezo lake tu. Mwandishi aombe siku kadhaa za kuisoma, amwonyeshe wakili, kisha aandike mabadiliko anayoyataka, akianza na mawili au matatu yenye uzito. Ahadi ya mdomo iingizwe katika maandishi. Aisajili pia kazi yake katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA), ili awe na kumbukumbu ya umiliki ukitokea ubishi.

Anayekataa hata kujadili kifungu kimoja kabla ya saini, ni vigumu kutumaini kwamba atasikiliza malalamiko baada yake.