Maini, damu na mutoto muchanga

Kila siku ya CPN mama mumoja anatuuliza: "Muuguzi, juu gani munanitosha damu tena? Mimi si mugonjwa." Ni swali nzuri. Hebu tulijibu.

Munawajua watu wenye macho ya manjano, mukojo mweusi sawa chai, tumbo imevimba na mikono imekonda. Watu wanaanza kunongona: wamemupa sumu, ni karuho. Kiisha wanatafuta jirani wa kumushitaki. Jamaa zinavunjika, na mugonjwa anakufa bila kupimwa hata mara moja. Lakini katika inchi zetu, moja ya sababu kubwa za maini kuharibika ni mikrobe inayoitwa virusi ya epatite B. Jirani hakuitia ndani ya chakula. Haipiti kwa chakula, wala kwa sahani, wala kwa kusalimiana.

Aliyeivumbua hakuwa anaitafuta. Baruch Blumberg, munganga wa Marekani, alikuwa anakusanya damu ya watu wa inchi mbalimbali, apate kujua juu gani huyu anashikwa na ugonjwa na yule hapana. Katika damu ya mwenyeji mumoja wa Australia akakuta kitu asichokijua. Mwaka 1967 mwanamuke wa laboratwari yake, Barbara Werner, akajisikia muchovu. Akapima damu yake mwenyewe, na kitu kile kile kilikuwa ndani. Kiisha akapata ugonjwa wa maini. (Akapona.) Hivi walifahamu kwamba wameshika alama ya mikrobe yenyewe. Mwaka 1976 Blumberg alipewa zawadi ya Nobel. Kwa kazi ile tulipata kipimo cha damu, na kisha chanjo.

Sasa, mama, sikia vizuri. Mutu mukubwa akiambukizwa, mara nyingi mwili wake unaifukuza virusi. Katika watu 100, wanaobaki nayo hawafiki 5. Lakini mutoto akiipata siku ya kuzaliwa, katika 100 karibu 90 wanabaki nayo. Atacheza, atasoma, atanenepa, hutaona kitu. Miaka 30 au 40 ikipita, maini yanakauka ao kansere inaingia. Wewe nawe unaweza kuwa nayo leo na ukajisikia muzima kabisa. Ndiyo sababu tunakutosha damu.

Inapita kwa damu: wakati wa kuzaa, wembe wa kuchanja unaotumiwa na watu wengi, shindano isiyochemshwa vizuri, damu isiyopimwa. Inapita tena kwa kulala na bwana ao bibi aliye nayo.

Huku kwetu Kongo watafiti walijaribu kuzuia jambo hili. Katika miaka 2018 na 2019, Dr Peyton Thompson wa Marekani na wenzake wa Kinshasa walipima wamama wenye mimba zaidi ya 4000 katika maternite za Binza na Kingasani. Walikuta 109 wenye virusi. Wale waliokuwa na virusi nyingi walipewa kidonge cha tenofovir mbele ya kuzaa, na watoto walichanjwa wakiwa wachanga. Walipopima watoto kisha miezi 6, hawakukuta hata mumoja aliyeambukizwa na mama yake. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2021. Haikuhitaji mashine ya ajabu. Wamama walikuja CPN, basi.

Neno moja juu ya kidonge kile: wagonjwa wa SIDA nao wanakimeza. Ukikipewa, usikimbie, na bwana asikufukuze. Epatite si SIDA. Uliza muuguzi aeleze mbele ya bwana wako.

Chanjo ya epatite B imo ndani ya shindano ambayo mutoto anapata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Zote tatu, mama, moja haitoshi. Na kwa mutoto wa mama mwenye virusi, wiki 6 ni mbali sana. Yeye anahitaji chanjo ya kwanza mbele saa 24 hazijapita. Kwa hiyo ukijua uko nayo, usizalie nyumbani. Uliza mapema, mimba ikiwa bado ndogo, ni maternite gani iko na chanjo ile ya siku ya kwanza.

Kunyonyesha? Nyonyesha. Maziwa yako hayakatazwe.

Bwana na watoto wakubwa waje pia kupimwa. Fishi ya CPN uilete kila mara, hata kama imeloana mvua.