Umri wa gari kuukuu: kitabu kwanza au chuma kwanza?

Mzee asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa hutafutiwa tukio. Pale Voi husemwa fulani alizaliwa reli ilipofika. Au alizaliwa wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, reli ya kwenda Taveta ilipokuwa ikijengwa. Hesabu hiyo humtosha binadamu. Gari kuukuu halikubaliwi kwa hesabu kama hiyo, kwani umri wake huulizwa na serikali, na jawabu lake laweza kuwa na thamani ya fedha.

Chukua sheria ya Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wa pwani wanaishi. Tangu tarehe 20 Mei 2018, gari dogo lililotimiza miaka 40 limesamehewa ule mtihani wa kila mwaka wa uzima wa gari, mradi halikugeuzwa umbo na mitambo yake ya asili katika miaka 30 iliyopita. Basi mtu akinunua Land Rover kuukuu huku kwetu akaipeleka kule, ataambiwa alete ushahidi: gari hili liliundwa lini?

Taita Taveta ni mahali pa kufaa kuuliza swali hilo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka wa 1948, na mwaka huo huo ndipo Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa. Gari hilo lilifaa kwa mbuga, kwa mashamba ya katani na kwa mlima wa kwenda Wundanyi. Aidha, hewa ya Voi ni kavu. Mombasa chumvi ya bahari hula bati mchana na usiku, lakini bara vumbi jekundu huchafua tu, haliozeshi.

Sasa tazama taabu yenyewe. Gari moja laweza kuwa na tarehe tatu: siku lilipoundwa, siku lilipounganishwa na siku liliposajiliwa. Peugeot 504, mathalan, ilizaliwa Ufaransa mwaka wa 1968, lakini nyingi zilizotembea Kenya ziliunganishwa Mombasa kwa vipande vilivyoletwa na meli. Vipande vyaweza kutoka kiwandani mwaka mmoja, gari likakamilika mwaka wa pili. Mwenye gari akisoma tarehe ya kusajiliwa akadhani ndiyo ya kuundwa, huenda akalipunguzia gari lake mwaka mzima.

Kibao cha nambari nacho husaidia kidogo. Kibao cheusi chenye herufi tatu na tarakimu, bila herufi ya mwisho, ni cha kabla ya mtindo ulioanza 1989. Lakini hicho chaeleza usajili tu. Ushahidi wenye nguvu ni nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Katika Land Rover nyingi za zamani hupatikana mbele, upande wa kulia, karibu na springi. Futa grisi na vumbi, usome taratibu, kisha ulinganishe na kitabu cha gari.

Hata hapo usiharakishe. Land Rover za mwaka 1958 hadi 1961 zina nambari ambayo tarakimu yake ya nne huonyesha mwaka: 8 ni 1958, 9 ni 1959. Lakini mwaka wa kiwanda haukungoja Januari. Ulianza miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo gari lenye 9 laweza kuwa liliundwa mwishoni mwa 1958. Wa kukata shauri ni daftari za kiwanda. Magari ya Austin na Morris yana daftari zake katika jumba la makumbusho huko Gaydon, Uingereza, ambako hutolewa cheti cha tarehe. Vilabu vya wenye magari ya kale navyo hutoa barua ya ushahidi.

Pana jambo la amana pia. Fundi akitoa injini ya gari moja, bodi ya la pili na fremu ya la tatu, amepata gari la kutembea, na hapana ubaya. Lakini akibandua kibao cha chesisi cha gari lililokufa akakipigilia kwenye jingine ili liongezewe umri, huo ni uwongo ulioandikwa kwa chuma, na anayeumia ni mnunuzi.

Kwetu Kenya umri huulizwa kwa njia nyingine: gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingia likizidi miaka minane. Kule uzee ni msamaha, huku ni kizuizi. Kote yatakiwa tarehe ya kweli. Basi mwenye gari la marehemu babake asitupe kitabu cha zamani, risiti wala picha. Na ajue kwamba msamaha wa karatasi hauzifanyi breki kuwa nzima. Mteremko wa Wundanyi kuja Mwatate hausomi cheti cha mtu.