Fahamu: Kiwanja cha Ndege cha Tabora

Ni kiwanja gani?
Ni kiwanja cha mkoa kilicho chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, ambacho, pamoja na vile vya Kigoma, Shinyanga na Sumbawanga, kiliingizwa katika mradi wa upanuzi uliokopeshwa fedha na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya.

Kwa nini urefu wa njia ya kurukia ndege hujadiliwa?
Kwa kuwa Tabora imeinuka takriban mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake, hususan adhuhuri ya Oktoba jua linapochoma, huwa nyepesi hata mbawa zikakosa nguvu ya kutosha, ndege iliyosheheni abiria na shehena hulazimika kukimbia masafa marefu zaidi kabla haijapaa. Ndege ya panga boi huridhika na njia fupi. Jeti hudai zaidi.

Kabla ya ndege
Wapelelezi Waingereza Burton na Speke, waliotoka pwani Juni 1857, waliwasili Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba, nyuma ya wapagazi waliochubuka mabega. Reli ilipofika 1912, miezi ikageuka siku. Leo, kwa ndege isiyotua njiani kutoka Dar es Salaam, hazitimii saa mbili, nayo miembe ya njia ya misafara ile ya kale, wallahi, haionekani kwa mawingu.