99/70 na √2: Ipi kubwa? Usikimbilie kikokotoo

Ile karatasi ya A4 uliyochapishia barua ya kuomba kazi imebeba swali la hesabu ambalo huwapokonya wengi alama.

Vipimo vyake ni milimita 297 kwa 210. Gawanya, rahisisha, unapata 99/70. Lakini umbo lenyewe, lililopitishwa Ujerumani mwaka 1922, limejengwa juu ya √2, yaani kipeuo cha pili cha 2. Ndiyo maana ukikata A4 katikati, kila nusu inabaki na umbo lile lile. Na ndiyo maana pale cyber wakipunguza A3 iwe A4, mashine husoma asilimia 71 na hakuna maandishi yanayokatwa.

Sasa, kati ya 99/70 na √2, ipi kubwa?

Ukibonyeza kikokotoo na kuishia desimali tatu, zote ni 1.414. Utaandika "ni sawa", na alama zimeenda. Na je, swali likikataza kikokotoo?

Dawa ni rahisi: zidisha kila moja kwa yenyewe. √2 inakuwa 2, yaani 9800/4900. Nayo 99/70 inakuwa 9801/4900. Basi 99/70 ndiyo kubwa, ingawa kwa unywele tu. Hakuna kubahatisha hapo.

Njia hii inakubali kwa nambari chanya, kwani iliyo kubwa hubaki kubwa hata baada ya kuzidishwa kwa yenyewe. Zikiwa hasi, jibu linageuka: −99/70 ni ndogo kuliko −√2.

Je, kuna sehemu yoyote iliyo sawa kabisa na √2? Hapana. Tuseme ipo, imerahisishwa hadi mwisho, juu a, chini b. Basi a×a ni mara mbili ya b×b, kwa hivyo a ni shufwa. Lakini a ikiwa shufwa, a×a hugawanyika kwa 4, na hapo b pia inalazimika kuwa shufwa. Zote shufwa? Basi bado ingerahisishwa! Haiwezekani.

Kwa hivyo sehemu yoyote utakayoletewa iko juu ya √2 au chini yake, hata ikaribie vipi. Kazi yako ni kujua upande.

Haya, jipime: 7/4 na √3, ipi kubwa? Weka simu chini, shika kalamu.